Tani 40 za mabaki ya chakula kwa siku: zitaendesha malori mangapi, na mtambo hukwama wapi?

Mratibu_Taka:

Wakuu, habari za kazi.

Tunaandaa upembuzi wa mradi wa kugeuza mabaki ya chakula ya jiji kuwa gesi ya kuendeshea magari, tukianza na malori yaleyale yanayozoa taka. Mizani inasoma tani 40 kwa siku. Karibu nusu inatoka masokoni na kwenye majiko ya hoteli na shule, nusu nyingine ni ndoo za majumbani. Malori ni ya dizeli, kila moja linakula lita 60 hivi kwa siku.

Kila muuza mitambo anayekuja anaanza na wimbo uleule: tani moja inatoa mita za ujazo 150 za bayogesi. Nikipiga hesabu napata malori 50, na hapo ndipo shaka inaniingia.

Naomba mnisaidie: gesi inayofika kweli kwenye gari ni kiasi gani, tangi la kuchachushia liwe na ukubwa gani, gesi isafishwe kwa njia ipi, na vitu gani huharibika ambavyo havimo kwenye vipeperushi. Halafu kuna mjumbe wa kamati anashikilia tutengeneze ethanoli badala ya gesi. Nimjibu nini?

---

MizaniKwanza:

Mkuu, 150 siyo uongo. Ni namba ya chakula kitupu, bila mfuko, bila kijiko, bila maji ya ziada. Ulichonacho wewe ni tani 40 za vitu vilivyotupwa.

Toa uchafu kwanza. Ndoo za majumbani huja na plastiki, chupa, vitambaa na mchanga. Kwa mchanganyiko wako chukulia asilimia 15 hadi 20 itatoka kama takataka, na ndani yake kuna chakula kilichonata kwenye mifuko ambacho hukipati tena. Unabaki na tani 33. Robo yake ni yabisi (kitu kikavu, bila maji), na karibu asilimia 90 ya yabisi hiyo inaoza, yaani una takriban tani 7.3 za kitu cha kutengenezea gesi. Kwa mtambo unaoendeshwa vizuri weka mita 70 za methani kwa kila tani iliyoingia tangini (nikisema mita ni mita ya ujazo). Jumla 2,310 kwa siku. Angalia nimesema methani. Bayogesi ni methani asilimia 60 hivi na iliyobaki karibu yote ni hewa ukaa, na wauzaji hutaja bayogesi kwa sababu namba yake inapendeza zaidi.

Mtambo nao unakula. Ili uji (taka zilizosagwa) usukumike na kukorogeka inabidi uuzimue hadi yabisi asilimia 14, kwa hiyo tani 33 zinakuwa tani 60. Kuzipasha kutoka nyuzi 20 hadi 70 ili kuua vimelea ni kilowati-saa 3,500 kila siku. Kwa boila yenye ufanisi wa asilimia 85 hiyo ni mita 410 za methani, asilimia 18 ya mali yako yote! Ukifunga kibadilisha joto, uji wa moto unaotoka ukapasha ule wa baridi unaoingia, matumizi yanashuka hadi kama 200. Mchoro wowote usio na kifaa hicho urudishe ulikotoka.

Ondoa na kinachovuja au kuchomwa kwenye mwenge siku za matengenezo, utafikisha kama mita 2,000 kwenye pampu ya kujazia. Umeme ni hesabu ya peke yake: kusafisha ni takriban kilowati-saa 0.25 kwa kila mita ya bayogesi, na kushindilia hadi bar 250 (bar ni kipimo cha presha) ni kiasi kama hicho kwa kila mita ya methani. Hapo tayari ni karibu 1,460 kwa siku, bado kinu, pampu na vikorogeo.

Kwa nishati, mita moja ya methani ni sawa na lita moja ya dizeli. Ila injini ya gesi inayowashwa kwa plagi ina ufanisi mdogo kuliko ya dizeli, hasa kwenye kazi ya kusimama na kuondoka, kwa hiyo ongeza asilimia 20: lita 60 zinakuwa mita 72. Una malori 27.

Ukitaka kujihakiki, tazama mtambo wa Indore, India, uliozinduliwa Februari 2022. Umesanifiwa kupokea tani 550 kwa siku na kutoa kilo 17,000 za gesi ya magari. Hiyo ni kilo 31 kwa tani, kama mita 43. Hesabu yangu inakupa 50 kwa tani ya mizani, nayo ni ya mji wenye ndoo safi kiasi. Atakayekuahidi 90 aweke dhamana kwa maandishi.

---

KinuNaChekeche:

Namuunga mkono hapo juu, lakini nataka ukae zaidi kwenye geti la kuingilia, maana ndiko mitambo ya namna hii inakofia. Kampuni zitakuonyesha tangi na mnara wa gesi. Wewe omba kuona sehemu ya kupokelea, tena siku ambayo hawakukutegemea.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: shimo la kupokelea lenye parafujo chini, sumaku, kinu cha nyundo chenye chekeche ya milimita 10 hadi 12, kisha tangi la kutulizia mchanga, kisha tangi la akiba. Sheria ya Ulaya inataka vipande visizidi milimita 12 kabla ya kupashwa nyuzi 70 kwa saa nzima, na ni kipimo kizuri hata pasipo sheria hiyo. Usikubali mashine inayosaga kila kitu na kuchuja baadaye. Plastiki ikishasagwa ndogo haitoki tena: nusu itaelea tangini na kugeuka ukoko juu, nusu itakwenda shambani na mbolea, na mkulima hatairudia. Kinu kizuri kinapasua mfuko na kuutema ukiwa mzima.

Mchanga, maganda ya mayai na vipande vya mifupa ndio adui wa polepole. Vinapita chekeche na kutulia sakafuni mwa tangi. Ukikosa mtego wa mchanga, ujazo wa tangi utapungua mwaka hadi mwaka bila mtu kujua, mpaka siku ya kulifungua. Pampu za parafujo pia huliwa na mchanga. Nunua rota na stata za akiba tangu mwanzo, na kamwe zisizunguke kavu. Dakika chache tu mpira wa stata unaungua.

Maji yanayochuruzika kutoka kwenye lori ndiyo sehemu tamu kuliko zote kwa gesi. Lori likidondosha njia nzima, hayo ni mafuta yako yanamwagika barabarani. Sanduku lisivuje, na sakafu ya kupokelea ielekeze mchuruziko kwenye tangi, si kwenye mfereji. Taka zisilale shimoni zaidi ya siku moja. Zikilala zinachachuka zenyewe, unapoteza kaboni hewani, na kinachoingia tangini ni asidi tupu.

Mjumbe wa ethanoli mwambie hivi: hamira inakula sukari tu, na wanga ukishavunjwa kuwa sukari. Mafuta, protini na nyuzinyuzi zinabaki. Kwenye taka mchanganyiko bakteria wa maziwa lala wanaiwahi sukari kabla ya hamira, na pombe ikitoka ni nyepesi kiasi kwamba joto la kukeneka linakula faida. Mwisho wa yote bado utahitaji tangi la bayogesi kwa masalia. Ethanoli inafaa ukiwa na taka za aina moja, mfano mabaki ya kiwanda cha mikate. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika, hayo yakusanye pembeni kwa ajili ya dizeli ya mimea. Usiyamwage tangini kwa mapipa.

---

Maabara_pH:

Nizungumzie tangi.

Kwa tani 7.3 zinazooza kwa siku na mzigo wa kilo 3 kwa siku kwa kila mita ya tangi, unahitaji ujazo wa kufanyia kazi wa mita 2,400. Uji wa mita 60 kwa siku utakaa humo siku 40. Jenga matangi mawili ya 1,300, si moja kubwa: moja likiugua, lingine linakupa mbegu ya kulifufua. Na uache nafasi juu ya uji kwa ajili ya povu.

Joto liwe nyuzi 38. Kuna watakaokushawishi uende 55 ili tangi liwe dogo. Kwa chakula mimi nakataa, na sababu ni amonia. Chakula kina protini nyingi, nayo ikioza hutoa amonia. Ukizimua kwa maji safi utakaa karibu gramu 3 za amonia kwa lita. Ukirudisha maji ya tope (masalia yanayotoka tangini) ili kuokoa maji itapanda hadi 5 na zaidi. Sumu hasa ni ile sehemu iliyo huru, na kwa pH (kipimo cha uchachu) ileile nyuzi 55 zinaizidisha zaidi ya mara mbili ya ilivyo kwenye 38. Rudisha sehemu tu ya maji, na upime kila wiki.

Hili linalofuata ndilo linalowashangaza wengi. Tangi linakwenda vizuri miezi kadhaa, halafu asidi ya propioni inaanza kupanda bila sababu inayoonekana. Hujazidisha mlo, joto liko sawa, pH nayo iko sawa kwa sababu amonia inaishikilia. Tatizo ni madini. Samadi huja na madini yake. Chakula pekee hakina ya kutosha. Kazi ya Chuo Kikuu cha Southampton iliyotoka 2012 ilionyesha kwamba kwenye amonia ya juu bakteria wanahitaji seleniamu angalau miligramu 0.16 kwa lita na kobalti 0.22, ndipo waweze kula mzigo mkubwa. Weka dozi mapema, kabla asidi haijapanda, na iwe kwa kipimo cha maabara. Seleniamu ikizidi ni sumu kwa bakteria na kwa binadamu anayeimimina.

Usisubiri pH ikuambie kuna shida, maana yenyewe huanguka mwisho. Pima uwiano wa asidi kwa alkali angalau mara tatu kwa wiki. Ukiwa 0.3 endelea, 0.4 punguza mlo, 0.5 simamisha kabisa na usubiri ushuke. Kwenye tangi lenye amonia nyingi alkali ni kubwa, kwa hiyo uwiano unaweza kuonekana mzuri huku asidi ikijikusanya; fuatilia na asidi yenyewe. Kumwaga chokaa kwa magunia hakusaidii, inatulia chini na kuganda. Ikibidi, tumia magadi ya baikaboneti kidogo kidogo.

Ulishaji uwe kidogo kidogo, kila saa. Mtindo wa kufunga Jumamosi na Jumapili kisha kumimina mlo wa siku tatu Jumatatu asubuhi ndio unaoleta povu. Povu likiingia bomba la gesi linaziba vali ya usalama, na hapo paa la tangi ndilo linaloachia. Tangi la akiba la siku 2 hadi 3 linaondoa tatizo hilo, ila lazima lifunikwe na hewa yake isafishwe.

Kuwasha: jaza tope kutoka tangi lingine linalofanya kazi, pandisha joto, anza na kilo 0.5 kwa mita, ongeza 0.5 kila wiki mbili au tatu ilimradi asidi imetulia. Hesabu miezi minne. Malori yasinunuliwe kwa tarehe ya kukata utepe.

---

Mratibu_Taka:

Asanteni sana, hapa nimeshapata zaidi ya ripoti tuliyolipia. Swali dogo: muuzaji mmoja anasema salfa iliyomo kwenye gesi (haidrojeni salfaidi) inaondolewa bure kabisa kwa kupuliza hewa kidogo juu ya uji, kama asilimia 4 ya gesi. Kuna ubaya?

---

Bar250:

Kwa gesi ya kuwasha jenereta hakuna ubaya. Kwa gesi ya gari upo, na mkubwa.

Bakteria watatumia oksijeni ya hiyo hewa, lakini naitrojeni inabaki. Chukua mita 100 za bayogesi yenye methani 60, ongeza hewa mita 4: umeingiza naitrojeni 3.2. Ukishaondoa hewa ukaa, unabaki na methani 60 na naitrojeni 3.2, yaani asilimia 5 ya gesi yako haiwaki. Mnara wa maji (unaoosha hewa ukaa kwa maji) hauitoi, na tando za kawaida (vichujio vyembamba vya kutenganisha gesi) hupitisha sehemu ndogo tu. Njia sahihi ni kloridi ya chuma ndani ya uji, au oksijeni safi kwa kiasi kidogo mno, chini ya ulinzi wa kipima oksijeni.

Na lazima salfa ipungue ndani ya tangi kabla ya kufika kwenye mkaa amilifu (mkaa wenye vinyweleo unaonasa uchafu wa gesi). Ukiacha haidrojeni salfaidi ppm 2,000 (sehemu kwa milioni) kwenye mita 3,850 za bayogesi, hiyo ni karibu kilo 12 kwa siku. Mkaa ukibeba asilimia 20 ya uzito wake, unamaliza kilo 58 kila siku. Ukishusha kwa chuma hadi ppm 150, ni kilo 4 au 5. Funga vyombo viwili mfululizo na bomba la kuchukulia sampuli katikati. Cha kwanza kikipitisha, cha pili kinakulinda wakati unabadilisha.

Mkaa una tabia zake. Gesi ikiwa na maji matone, vinyweleo vinaziba; ikiwa kavu kabisa, salfa haishiki vizuri. Ndiyo maana gesi inapoozwa hadi nyuzi 5 ili maji yatoke, kisha feni inaipasha kidogo ndipo iingie. Taka za sokoni zina maganda mengi ya machungwa na ndimu, na harufu yake (limonini) inajaza mkaa haraka, ikipita inaharibu tando. Weka tabaka la pili la mkaa kwa ajili hiyo tu.

Kuhusu njia ya kusafisha: kwa mita 160 kwa saa ningechukua tando za hatua tatu kwenye bar 10 hadi 16. Ni ndogo, huwashwa haraka, na methani inayopotea ni chini ya asilimia 1. Mnara wa maji una uvumilivu zaidi kwa gesi chafu, lakini maji ya uvuguvugu hayayeyushi hewa ukaa vizuri, kwa hiyo mahali pa joto unalipa umeme wa kupoza, na utelezi wa bakteria huziba vijazio vya mnara.

Usipuuze upotevu. Asilimia 2 ya methani yako ni kama mita 42 kwa siku, kilo 30. Kwa kipimo cha miaka 100 methani ina nguvu ya hewa ukaa mara 28, hivyo ni sawa na kilo 840. Dizeli utakayoacha kuchoma kwenye malori 27 ni lita 1,620, kama kilo 4,340 za hewa ukaa. Yaani upotevu wa asilimia 2 unafuta karibu moja ya tano ya faida hiyo. Mkataba utaje kiwango cha juu cha upotevu, kipimwe kwenye bomba la hewa chafu, si kwenye karatasi.

Upande wa kujazia: gesi ifuate kiwango cha EN 16723-2 au kile cha nchi yako. Maji ndiyo hatari kuliko watu wanavyodhani. Kwenye bar 200 methani na maji hutengeneza barafu yake hata kwenye nyuzi 15 na kitu, na gesi ikipanuka kwenye nozeli inapoa zaidi. Nozeli ikiganda, tatizo liko kwenye kikaushio, si kwenye nozeli. Chujio la mafuta baada ya kompresa libadilishwe kwa ratiba. Mafuta yakiingia mtungini yanafika hadi kwenye sindano za gesi.

Gesi ikishasafishwa haina harufu, kwa hiyo lazima itiwe harufu upya kabla ya kwenda popote.

Malori ya taka hulala yadi, basi jaza polepole usiku. Kujaza haraka kunapasha mtungi, na ukipoa unakuta haujajaa. Lakini mtambo wako unatoa mita 84 kwa saa usiku na mchana. Usiku wa saa 10 ni 840 tu. Zilizobaki 1,160 hivi zinatakiwa zihifadhiwe kwenye benki (kundi la mitungi ya akiba) ya bar 250, na benki inayojaza kwa kusawazisha presha tu hutoa karibu theluthi ya ilichobeba. Ama uweke kompresa inayoweza kunyonya kutoka benki, ama ugawe malori zamu mbili. Kila lori: mtungi wa lita 80 kwenye bar 200 hubeba kama mita 18.5, kilo 13. Kwa mita 72 weka mitano au sita. Mitungi iwe ya kiwango cha ISO 11439. Mtu akipendekeza mtungi wa gesi ya kupikia, mwondoe kwenye mradi. Ule haukutengenezwa kwa presha hiyo na utapasuka.

---

MizaniKwanza:

Naongeza kimoja ambacho hujauliza. Tani 60 za uji zikiingia, gesi inatoka na tani 4.6 tu. Tani 55 za tope zinatoka upande wa pili kila siku, mvua au jua. Likikosa pa kwenda, tangi la kuhifadhia linajaa, unaacha kulisha, na malori yanasimama. Ardhi ya kulipokea, au mtambo wa kulikamua na kusafisha maji yake, viwe kwenye bajeti ya kwanza. Tangi la tope nalo lifunikwe. Bado linatoa methani.

---

Mratibu_Taka:

Hilo la tope halikuwemo kabisa. La mwisho wakuu: tubadilishe injini za malori yaliyopo zitumie dizeli na gesi kwa pamoja, au tununue ya gesi tupu?

---

Bar250:

Kwa malori ya taka, gesi tupu. Mfumo wa pamoja unawasha gesi kwa dizeli kidogo, na hufanya vizuri gari likikimbia kwa mwendo mmoja kwenye barabara ndefu. Mzigo ukiwa mdogo au injini ikiunguruma tu, mfumo unarudi kwenye dizeli karibu yote, na gesi kidogo inayoingia hutoka na moshi bila kuungua. Lori la taka linasimama kila nyumba chache, linabonyeza mzigo huku limesimama, linaondoka tena. Ndiyo kazi mbaya kuliko zote kwa mfumo huo. Nunua ya gesi kwa awamu kadiri ya dizeli yanavyochoka, uanze na kumi ndani ya miezi ya kuwasha tangi, na gesi inayozidi ichome kwenye boila badala ya mwenge.